Tepe za Mti wa Mama

Chumba cha Mizani,
Karakana ya Dawa, nyuma ya soko la mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na ziwe nyingi kama maneno yako ulipokuwa mdogo, yale yaliyokupa hilo jina. Hujambo? Shemeji yangu hajambo, na kazi yake ya zamu anaiweza? Na mwanangu, yule wa kifua, analala vizuri au bado anakuamsha kwa kukohoa? Mwambie mama yake mkubwa anamuulizia kila siku, na asipovaa fulana ya ndani nitasikia hata huku niliko.

Sisi tu wazima, wazima wa kuchechemea. Goti langu la kulia limeamua kufanya mgomo kila ninapopanda ngazi ya ghala. Mume wangu kang'oa jino, na kwa jinsi anavyolizungumzia ungedhani kang'olewa mguu. Mama anakula, analala, na asubuhi anagombana na redio, anaijibu kama vile msomaji wa habari yuko jikoni naye. Siku akiacha kugombana na redio ndipo tutakapoanza kuogopa.

Barua yako nimeipata. Nimekuwa nayo mfukoni mwa aproni hadi imeota harufu ya magome. Kila nikifika pale ulipoandika "dada, tumepata, tena mnunuzi mkubwa!" naikunja na kuirudisha mfukoni, naendelea na kazi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu hiyo tu, wala si mengine.

Basi jibu nakupa hapa juu, usije ukahangaika kulitafuta huko chini. Mwambie mnunuzi wako hapana. Hatuwezi kumwekea sahihi, na hatuwezi kumpelekea dawa. Najua umekaa chini uliposoma hapo. Kaa, nikueleze.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana najua utamsomea mumeo, naye hajauona mti wa kifua hata siku moja. Mwambie ni mti wa gome nene, jekundu ndani kama nyama. Ukilichemsha gome lake unapata dawa ya kikohozi ambayo babu aliiuza kwa chupa mlangoni, baba akaijengea karakana, na sasa mimi na mume wangu tunakorogea masufuria yale yale. Tena mwambie mti huu una sharti. Unabandua upande mmoja tu, utepe usiozidi upana wa kiganja, kisha unauacha mpaka kidonda kizibe. Ukibandua kuzunguka shina lote umeua, kwa sababu chakula cha mti hupita kwenye gome. Ila hauanguki. Unakufa umesimama, polepole, na majani juu.

Wewe mwenyewe ndiye uliyetuandikia kwamba biashara inayokula mti lazima iutunze mti. Sikulaumu, usije ukadhani hivyo. Lilikuwa neno la kweli, na mimi nililisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote wakati wa chai. Tuliazimia kufanya kitu, na Mungu ni shahidi, tulifanya.

Tulianza na majani. Tulisikia majani nayo yana dawa, na mtu akichuma majani haui mti. Mume wangu akachemsha, akachuja, akaonja, akasema ni ile ile. Lakini ilitoka kijani! Wateja waliinusa, wakaishika kwenye mwanga, wakairudisha. Mwuza duka wa pale kwenye taa za barabarani aliniambia dawa ya kifua isiyo nyekundu ni supu ya mboga. Akanishauri nitie rangi. Nilimjibu jibu ambalo mama asingependa kulisikia.

Kisha tukaitisha kikao cha wote wanaotengeneza dawa za mitishamba hapa mjini. Walikuja kweli, hata yule wa duka la ghorofa mwenye gari lenye picha yake ubavuni. Tukakodi ukumbi na viti vya plastiki. Tukakubaliana kuupumzisha msitu, mtu asinunue gome kabisa kwa mwaka mzima. Watu wakapiga makofi, wakashikana mikono, wakapiga picha. Viti havijarudishwa kwa mwenyewe, wa ghorofa alikuwa kwenye ngazi anampigia simu mbanduaji wake, anamwambia sasa ndiyo wakati, wenzetu wamelala. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba birika la chai.

Ndipo tukaja na lile wazo ambalo sote tulilipenda, nawe ulilipenda ukalipeleka kwa mnunuzi wako. Tulitangaza kwamba karakana yetu haitapokea tena vipande vipana. Tutapokea tepe tu, za upana wa kiganja, na kila utepe tutaulipia maradufu ya bei ya wengine. Tulijiambia mbanduaji akijua utepe mmoja una faida kuliko gunia la vipande vipana, atachukua utepe mmoja na kuuacha mti uishi. Nilichora kiganja kwenye ubao mlangoni ili mtu yeyote alete gome alipime hapo. Kiganja chenyewe ni changu, bado kipo.

Chiriku, mambo yalikwenda kama tulivyopanga! Vipande vipana vilikoma kuja. Zikaja tepe, safi, zimefungwa vifurushi kama kuni za bibi harusi. Tukafurahi, tukakuandikia. Kitu kimoja tu hatukukitilia maanani, nacho kilikuwa mbele ya macho yetu kila siku. Magunia yalikuwa yanaongezeka. Kwa sharti lile yangepungua. Mume wangu aliliona akasema labda wabanduaji wanatembea mbali zaidi siku hizi, nami nikasema labda. Tukaongeza meza ya pili ya kupangia.

Na kitalu je, utauliza. Kitalu ulikiona kwenye picha, na wavu wake wa kivuli na miche kwenye viriba. Miche ile yote mama yao ni mmoja, ule mti wa nyumbani kwa mama. Kule msituni iliyobaki ni miti michanga ambayo haijaanza kuzaa, na mti huu hauzai mpaka uzeeke. Mbegu zake hazikai, usipozipanda zikiwa mbichi zimeoza. Kwa hiyo mpango wote, wangu, wako, na wa mnunuzi wako na pesa zake za kupanda mlima mzima, ulikuwa umening'inia kwenye mti mmoja wa uani, unaofungiwa kamba ya nguo.

Unaukumbuka ule waya? Baba aliuzungushia shina ili tuanike nguo, akausahau, mti ukanenepa ukaumeza. Siku alipogundua aliukata kwa koleo, akiomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mgeni. Tulicheka hadi akatukasirikia. Mti ulipona, ila alama ilibaki, kijifereji kimezunguka shina lote, usawa wa bega la mtu mzima. Mama akahamia kwenye kamba ya katani. Wewe ulipenda kukitia kidole kile kijifereji na kuuzunguka mti ukiimba.

Sasa nisikilize. Wiki ile ya mvua za mwisho nilikuwa mezani napanga tepe, maana mpangaji wetu alikuwa anaumwa. Nikafungua gunia, nikatoa utepe. Katikati yake kuna kijifereji. Nikauweka pembeni. Nikatoa wa pili, una kijifereji. Wa tatu hivyo hivyo. Nikazipanga meza nzima, ubavu kwa ubavu, na vile vijifereji vikashikana vikawa mstari mmoja ulionyooka. Utepe wa kwanza na wa mwisho nikazikunja kidogo zikutane. Zikaingiana kama mlango na kizingiti chake.

Sikulia. Nilikaa kwenye gunia. Mume wangu alipoingia kuulizia chumvi ya kusukutulia jino alinikuta pale, akaitazama meza, akapitisha kidole kwenye ule mstari. Naye ameanika nguo zake kwenye mti ule miaka mingi.

Halafu akafanya kitu ambacho natamani asingekifanya. Alichukua gunia jingine, la msituni, akaanza kuzipanga tepe zake ubavu kwa ubavu. Zikaingiana. Akachukua jingine. Zikaingiana. Fundo kwa fundo, ufa kwa ufa, mti baada ya mti. Kumbe watu walikuwa wanabandua mti mzunguko mzima kama zamani, tena kuanzia mizizini hadi matawini, kisha wanakaa chini na panga wanachana tepe za kiganja. Sisi tuliweka bei juu ya utepe, nao wakatutengenezea tepe. Bei ya maradufu ikawapa sababu ya kufuata hata ile miti midogo ambayo zamani hakuna aliyehangaika nayo.

Nilimwita mbanduaji wetu wa siku zote, yule tunayemwita Mzee wa Kamba kwa vile anajifunga kamba kiunoni badala ya mkanda. Sikumpigia kelele. Nilimwomba anipeleke, akanipeleka, na goti langu hivyo hivyo. Chiriku, msitu upo. Ukipita barabarani utasema upo, una kijani. Ukiingia ndani mashina yote yamevuliwa nguo, mekundu yanageuka kahawia, na mengi bado yana majani juu yasiyo na habari. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mama, ubao wenu haukuandika mti. Umechora kiganja." Kisha akanishika mkono kunivusha kwenye utelezi, kwa upole, kama mwanangu.

Kwa mjomba nilikwenda peke yangu. Unajua anakaa na mama tangu alipoacha kazi ya udereva, na bila yeye mama angekuwa peke yake, hilo sitalisahau hata nikikasirika. Nilimkuta uani anatengeneza kiti. Mti nyuma yake umefungwa magunia kuzunguka shina, toka chini hadi juu ya kichwa cha mtu. Alimwambia mama eti ni dawa ya mchwa. Mama naye, macho yake haya ya siku hizi, kaamini.

Nilimwambia, mjomba, umefanya nini? Hakukana. Huyo mzee hajui kukana, ndiyo maana alikuwa akishindwa kila kesi ya trafiki. Akaniambia, "Mti wetu, karakana yenu. Nani kaibiwa hapo?" Akaendelea kwamba paa la chumba cha mama lilikuwa linavuja juu ya kitanda, hakutaka kunisumbua, na tulitaka tepe, yeye katuletea tepe, tena alizipima mwenyewe kwa kiganja chake akahakikisha hazizidi. Alitazamia nimsifu kwa hilo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kumchukia nimeshindwa. Nilitazama juu nikaona bati jipya, nikashindwa.

Nilimweleza kuhusu mbegu, kitalu, na mnunuzi wako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka nyundo chini. Aliniuliza kama tunaweza kulirudisha gome na kulifunga kwa kamba. Mtu mzima yule, mwenye mvi, ananiuliza hivyo. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, mjomba. Akaingia ndani, hakutoka mpaka nilipoondoka.

Kwa hiyo ndugu yangu, ndiyo maana. Mnunuzi wako anataka niandike kwamba hakuna mti uliouawa kwa ajili ya chupa zetu. Mume wangu aliniambia tuweke sahihi, tuzichukue pesa zake, tuzitie kwenye kitalu, Mungu atatuelewa. Tuligombana siku mbili, tukanuniana hadi wafanyakazi wakawa wanatupitishia ujumbe. Mwishowe nilimuuliza hizo pesa zitapanda mbegu ya mti gani. Akaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa masafi.

Miche iliyobaki kwenye viriba ni michache, na nusu yake imeshikwa na ukungu tangu mvua zile. Nitaipanda, ndiyo. Hata ikipona yote, mimi sitaona gome lake, wewe hutaliona, na mwanangu huyo wa kifua atakuwa babu. Sikuandikii hili ili unitie moyo. Usinitie moyo tafadhali, nakujua, utaandika kurasa sita. Watu wa kututia moyo wamekuja wengi na kofia zenye maandishi.

Karakana tunaifunga mwisho wa mwezi ujao. Wafanyakazi tumeshawaambia. Mpangaji wetu kapata kazi kwa yule wa ghorofa, ambaye sasa naye ametangaza kwamba ananunua tepe tu, na kiganja kwenye tangazo lake ni kikubwa kuliko changu. Nimemwandikia kumweleza yaliyotupata. Amenitumia kalenda.

Nilitaka niishie hapo, ila liko moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Jana nilikwenda kumwona mama. Kabla sijafika mlangoni nilisikia nyuki. Nikainua macho. Chiriku, mti umechanua. Umechanua kuliko nilivyowahi kuuona, hakuna tawi lililo tupu, maua yamejaa uani, yako juu ya kamba, yako juu ya nguo, mama anayafagia na yanaanguka mengine. Majirani wanakuja kuyatazama. Mjomba alinikimbilia kama kijana, ananivuta mkono, anasema, "Unaona? Haujafa! Uliniogopesha bure! Mbegu zitakuwa tele mwaka huu!" Na machozi yanamtoka, kwa furaha.

Siku ile kule msituni Mzee wa Kamba alinionyesha mikavu pia, akanieleza. Miti mikubwa iliyovuliwa mwaka jana ilichanua hivyo hivyo yote, mara moja, ikamaliza kila ilichokuwa nacho. Maua yalidondoka yakiwa maua tu. Hakuna hata mmoja uliotoa mbegu, na sasa hivi ni mikavu.

Sikumwambia mjomba. Nilisema ndiyo, mjomba, naona. Nilikaa na mama kibarazani tukanywa chai, ua likaanguka kwenye kikombe chake, akanywa nalo hivyo hivyo akicheka. Aliponiaga alinishika mkono akanituma nikuandikie neno lake, na kwa kuwa ni neno la mama silifichi wala silibadili. Anasema: mwambie Chiriku mti wake umechanua vizuri mwaka huu, aje na mtoto, aje auone.

Ukiweza kuja, njoo mapema.

Kwenye kifurushi kuna chupa za mwanangu. Ni za gome la msituni, la mama sikulichemsha, limo kabatini na sijui nilifanyie nini. Mpe kijiko kimoja asubuhi na kimoja usiku, na uzitunze, maana nyingine hakuna.

Msalimie shemeji yangu, mwambie asikucheke ukilia. Mume wangu na pengo lake wanakusalimu. Mjomba anakusalimu sana, kaniuliza mara mbili kama nimeandika jina lake, basi nimeliandika kwa kumwita mjomba. Mama anakusalimu, na redio yake. Mungu akulinde huko uliko, amfungulie mtoto kifua chake, na akuonyeshe njia ya kurudi nyumbani tukiwa bado tunalo la kukuonyesha.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako, wa Chumba cha Mizani.